Ishirini kwa Sifuri

Baba yangu alikuwa anapeleka samaki ku Koni. Samaki ya kukauka, ya mutoni Lufira. Anaifunga mu majani, anaiweka nyuma ya kinga, ile baiskeli yake nyeusi yenye makelele mingi kuliko mwendo, na minye ananikalisha mbele ku chuma. Tulikuwa tunaishi Kapolowe. Njia ile nimeisahau, lakini makalio yangu bado inaikumbuka.

Ku Koni, ku mulango ya bantu ya umeme, kulikuwa mulinzi na kitabu kubwa. Kila mwenye kuingia alipashwa kuandika jina. Baba hakujua kuandika, basi alikuwa anachora samaki. Mukia, jicho moja, imeisha, anaingia. Ilikuwa vile muda murefu na hakuna aliyekufa.

Siku moja mulinzi akaangalia ile samaki, akarudisha ukurasa nyuma, akaangalia ingine.

"Weye hauko yule wa juzi," akasema.

"Njo minye," baba akasema. "Unanijua. Juzi ulinunua kwangu."

"Samaki ya juzi ilikuwa inaangalia huku. Hii ya leo inaangalia kule. Hawa ni bantu wawili."

"Mu mayi samaki inageukaka."

"Mu kitabu yangu haigeukake."

Tulikaa inje mpaka jua ikawa juu ya kichwa, kisha tukarudi na samaki yetu yote. Njia muzima baba hakumutukana yule mulinzi hata mara moja. Alikuwa anajilaumu mwenyewe. Kila mulima tuliopanda na miguu alikuwa anasema, "Nilipashwa kukumbuka upande."

Sijui sana kwa nini ninaanza na hiyo. Nilikaa hapa kuandika juu ya basketi. Lakini nikisema ukweli, tangu siku ile kila kintu kilichoandikwa kinanitia woga na heshima, vyote viwili pamoja, na mu mambo ya basketi ile heshima njo iliniharibia.

Masomo nilifanya miaka tatu ku misioni, kisha mashamba ya mahindi ikanihitaji kuliko padri. Nilipokomaa nikaja Likasi, nikaingia ku kiwanda, upande wa asidi. Kazi yangu ilikuwa kuangalia saa za mvuke: sindano ikipita nambari fulani unafunga, ikishuka unafungua. Nambari ninazijua vizuri. Herufi tunasalimiana kwa mbali. Walipotupumzisha sisi wazee, muke wangu alinivumilia juma mbili mu nyumba, kisha akanipa ufagio.

"Nenda kafagie kintu," akasema. "Kila kintu. Lakini si hapa."

Nyuma ya nyumba yetu kuna uwanja wa basketi, wa zamani, wa bafanyakazi. Simenti imepasuka pasuka, lakini vyuma vya kutupia mupira viko vyote viwili, na mu Likasi ya leo, kwenye chuma inapata muguu inaenda kuuzwa, hiyo ni ajabu. Nilianza kufagia. Mwenye kufagia wakamupatia ufunguo. Mwenye ufunguo wakamupatia mupira aulinde. Mwenye mupira wakamupatia chaki na ubao aandike mabao. Vile njo nilipanda cheo, pole pole, bila diploma.

Sasa, bana basichana ya sekondari wana mashindano yao hapa. Ni shule tano. Sitataja majina, nitasema ile ya reli, ile ya nyuma ya soko, na zile tatu zingine. Kila timu inacheza na kila timu mara moja, mbili za kwanza zinakutana ku fainali. Ni mambo nyepesi, mutoto anaweza kuipanga. Kwa hiyo waliweka commission ya bantu munane. Kulikuwa prezida, makamu, makamu wa makamu, mwandishi, musaidizi wake, na mushauri mumoja ambaye sikujua hata siku moja anashauri nani.

Na kulikuwa kitabu ya sheria. Nakala moja tu yenye cachet, ule muhuri wa wino. Zamani ilikuwa inakaa kwa mwandishi, lakini kila musimu sheria zilikuwa zinabadilika ndani ya kabati, zenyewe, bila muntu. Ukurasa unatoka, ukurasa unaingia. Shule zikagombana. Ndipo prezida, mwalimu wa zamani wa mazoezi ya mwili, akaja kwangu na ile kitabu mu mikono miwili kama analeta mutoto ya kubatiza.

"Muzee," akasema, "tumekaa, tumefikiri. Weye njo tunaamini. Kitabu itakaa kwako."

Nilifurahi sana. Ilinipitisha juma muzima kufahamu kwamba walikuwa wametafuta mu mutaa yote muntu asiyeweza kuisoma.

Lakini walisahau muke wangu. Yeye alifanya miaka sita kwa masista, anasoma kama radio. Muchana, wakati anachagua maharagi ku mukeka, minye ninamufungulia ukurasa na yeye anasoma, mikono iko ku maharagi na macho iko ku sheria. Mara moja, mara mbili, mara tatu, minye nimeshika. Kichwa yangu ni ya kusikia. Mu mwezi moja nilikuwa na kitabu yote ndani, na nambari zake.

"Sheria ya saba," alisoma. "Timu isiyofika mbele ya dakika kumi na tano kuisha imepata forfait. Itaandikwa ishirini kwa sifuri."

Forfait ni hiyo: umeshindwa bila kucheza, na mwenzako ameshinda bila kutoka jasho. Mupira haujatoka hata mu mufuko wake.

"Na kama wamekufa mu njia?" nikauliza.

"Haisemi."

"Basi wanapata forfait."

"Wanapata forfait na matanga." Akatupa jiwe moja iliyokuwa mu maharagi. "Sheria ya kumi na tisa. Mbele ya kucheza, délégué, mwakilishi wa timu, anaweza kuandika réserve, malalamiko ya kungoja, nyuma ya fomu ya mechi, juu ya muchezaji ambaye hamuamini." Akasoma mpaka chini, akacheka. "Sikia hii. Anaandika, ananyamaza, wanacheza mpaka mwisho, kisha anageuza fomu. Ni sawa na muntu umemualika kula, anakuja na mende mu mufuko. Kama chakula ni mubaya, anaiweka mu sahani."

Alipomaliza kitabu yote alifunga, akanirudishia. "Huyu mwenye kuandika hii," akasema, "hakuna mahali hata moja alisema juu ya kucheza."

Na muntu aliyekuwa anataka kucheza alikuwa mumoja. Ni kocha wa ile timu ya reli. Muntu murefu, miaka arobaini hivi, anatengenezaka frigo za kupoza chakula mu mutaa, goti moja iliharibika wakati yeye mwenyewe alikuwa muchezaji. Musimu sita alikuwa na bale basichana, na mu ile musimu sita hawakushinda mechi hata moja. Sikusema wameshinda kidogo. Nimesema hata moja. Na bado kila siku ya mechi alikuwa wa kwanza kufika, ananisaidia kupiga mistari na chokaa, anachuchumaa na ile goti yake, anapima kona vizuri, sawa na muntu anapiga mistari ya uwanja ambapo atashinda.

Siku moja aliniambia, macho iko ku chokaa, "Papa, minye sitafuti kombe. Kombe ni bati. Ninataka mechi moja. Ianze, iishe, na sisi tuko juu. Moja tu, kisha hata nikiacha nitaacha vizuri."

"Itafika," nikamwambia. Nilisema vile tunasemaka kwa mugonjwa.

Musimu wa saba ukaanza, na ulianza kwa mistari mizuri kupita yote.

Mechi ya kwanza ya reli, timu ingine ilikwama nyuma ya malori ya mawe. Malori mbili ziligusana ku kona, badereva wakashuka kujadili, na bale batoto wakafika mbio na miguu, viatu mu mikono, dakika ya kumi na sita. Niliangalia prezida, prezida akaniangalia minye. Nikasema sheria ya saba, neno kwa neno. Ishirini kwa sifuri.

Kocha akaja ku meza. "Papa, ni dakika moja tu. Wako hapa. Ninawaona na macho."

"Mwana wangu," prezida akamujibu, "umeshinda. Muntu anashinda anakuja kulalamika?"

Mechi ya pili timu ingine ilikuwa na bantu wane. Wa tano, ule murefu wao, alikuwa ameenda kuuzia bachimbaji bukari, ule ugali wetu, ku mugodi ya Shinkolobwe, mahali ambapo wanasema pamefungwa, kwa hiyo hakuna muntu ya kula kule. Sheria ya tisa: timu haianzi chini ya bantu watano. Ishirini kwa sifuri. Na kitabu inataka heshima ifanyike hata vile: timu iliyopo inaingia, inasimama mu mustari, nahodha anasalimia upande wa pili. Nahodha wa reli alikuwa kasichana kafupi, kenye miguu ya haraka. Kalienda mpaka mu katikati ya uwanja, kakainamia simenti.

Mechi ya tatu timu zote mbili zilivaa nyeupe. Sheria inasema mugeni njo anabadilisha. Mugeni hakuwa na ingine. Muke wangu, ambaye alikuwa anakujaka kukaa ku benchi na kazi yake ya kushona, akasema aende kuwaletea mashuka yetu ya rangi ya maua. Mushauri wa commission, mara ya kwanza nilimusikia anashauri, akasema shuka haina nambari. Ishirini kwa sifuri.

Ya ine njo ilikuwa na timu ya nyuma ya soko, wenye nguvu kupita wote. Walifika kwa saa, walikuwa tano na zaidi, nguo nyekundu. Kocha wetu alipaka mafuta ku goti kama njo yeye anaenda kuruka. Kisha mwandishi akafungua makaratasi yao ya munganga. Kila muchezaji anapashwa kuleta karatasi yenye cachet ya munganga kwamba ana afya. Ku dispensaire walikoenda cachet moja ilikuwa imekauka, basi wakapigiwa ingine iliyokuwa karibu. Ilikuwa ya maternité.

"Hapa," mwandishi akasema, "bote kumi na mbili wametoka kwa wenye kuzaa."

"Lakini haikuandikwa wana mimba," kocha akasema. Yeye, kocha wa timu ingine, alikuwa anawatetea.

"Haikuandikwa pia kama hawana."

Ishirini kwa sifuri. Nilipandisha nambari ku ubao na mwandiko muzuri. Kocha alikuja kusimama nyuma yangu.

"Papa," akasema, "mabao makumi munane. Tumefungwa sifuri. Batoto yangu haijatupa mupira hata mara moja."

"Muko wa kwanza," nikamwambia.

"Ninajua. Ku shule wananiita bwana mukubwa. Délégué wetu amenipa mukono mbele ya bantu." Akajipangusa chokaa ku suruali. "Minye ninapita nyuma ya majengo nisikutane nao."

Basi fainali. Reli ya kwanza, soko ya pili, kwa sababu mechi zao zingine tatu walishinda, na makaratasi walikuwa wameitengeneza. Ilikuwa Siku ya Mungu, misa imekwisha. Wakatoliki walikuja mapema wakachukua benchi. Wale wa makanisa ya maombi walikuja mechi imefika katikati, kwa kuwa kwao kuomba hakuna saa, na wakasimama. Mama wa mikate alimaliza beseni lake firimbi haijalia. Kila timu ilifika kwa wakati. Kila timu ilikuwa na rangi yake. Bantu watano huku, watano kule. Makaratasi yalikuwa na cachet ya munganga wa bantu wazima. Nilipitisha sheria zote mu kichwa, moja moja, hakuna iliyolia.

Kocha alikuja ku ubao wangu. "Inachezwa, papa?"

"Inachezwa."

Alirudi kwa batoto yake, akawafungia kamba ya viatu mumoja mumoja, na ile fundo yake ya waya za umeme.

Minye si mujuzi wa kueleza mupira. Nitasema tu kwamba soko walikuwa na nambari tisa, musichana murefu sana, na kila mupira wa juu ulikuwa wake. Na reli walikuwa na kale kafupi, na kila mupira uliogusa chini ulikuwa wake. Vile wakaenda, juu na chini, juu na chini. Nilivunja chaki mbili. Soko thelathini, reli ishirini na nane. Reli thelathini na tano, soko thelathini na tano. Muke wangu aliacha kushona. Dakika ya mwisho ni arobaini na moja kwa arobaini na moja, na kale kafupi kakapita chini ya mukono ya nambari tisa kama kuku anapita chini ya meza, kakatupa. Mupira ukazunguka ku chuma, ukafikiri, ukaingia. Firimbi.

Nikaandika: arobaini na tatu kwa arobaini na moja.

Bantu wakaingia mu uwanja. Kocha hakuingia. Alikaa chini, pale alipokuwa, muguu wa goti mubaya umenyooka, akawa anaangalia ubao wangu. Alikuwa anausoma. Zilikuwa nambari mbili tu na alizisoma muda murefu, kutoka mwanzo mpaka mwisho, anarudia.

Ndipo délégué wa reli akafika ku meza. Délégué wa reli, ninasema, wa timu iliyoshinda. Muntu ya ofisi, anatembeaka na mufuko wa ngozi. Wakati wa mechi alikuwa ku kivuli ya ukuta na simu yake. Akachukua fomu, akaigeuza.

"Kuna réserve," akasema.

"Ya nani?" prezida akauliza.

"Yangu. Nambari tisa wa soko si mwanafunzi tena. Amepata diploma mwezi uliopita." Akatoa simu, akaonyesha picha: nambari tisa na kofia ya diploma, anacheka, na mu picha nyuma yake prezida mwenyewe anacheza dansi.

Prezida aliangalia ile picha na kurudisha simu haraka.

"Lakini mumeshinda," akasema.

"Réserve imesainiwa. Kintu kilichosainiwa kinapashwa kujibiwa." Alikuwa na haki. Alikuwa ametafuta ile picha kwa bidii, siku nyingi.

Commission ikakaa. Munane wakainamisha vichwa, kisha vyote vikageuka kwangu. "Muzee," prezida akasema, "kitabu inasema je, kama mwenye réserve njo ameshinda?"

Sasa nitasema wazi, kwa kuwa hakuna wa kunikatalia. Kitabu haisemi. Haina neno juu ya muntu mwenye kujilalamikia wakati ameshinda; hata yule aliyeiandika hakufikiri atapatikana. Ningejibu, "Haisemi," na ningemaliza. Kitabu ilikuwa kwangu, ndani ya kichwa, hakuna wa kuhakikisha. Lakini uwanja ulikuwa umejaa bantu, bote wananiangalia minye niliyetoka darasa la tatu, na sauti ikatoka yenyewe, nzuri, kama ya padri:

"Sheria ya kumi na tisa. Réserve ikiwa ya kweli, fomu inafutwa. Inaandikwa ishirini kwa sifuri."

Muke wangu aliniangalia kutoka ku benchi. Mpaka leo ile macho iko mu nyumba yetu.

"Basi njo vile," prezida akasema. "Reli, ishirini. Soko, sifuri. Reli wamechukua kombe." Na bantu wakapiga mikono tena, kwa sababu kwao hakuna kilichobadilika.

Kocha alikuwa amesimama. Alikuja polepole.

"Prezida," akasema, "tumeshinda arobaini na tatu kwa arobaini na moja."

"Na sasa umeshinda ishirini kwa sifuri. Ni vizuri zaidi. Umeongeza tofauti."

"Tuliicheza."

"Hakuna muntu anakataa. Lakini fomu haipo tena."

Akageukia délégué wake. "Patron, ondoa ile réserve. Weye njo ulisaini, weye unaweza kuiondoa. Tafadhali. Hatupoteze kintu, kombe inabaki yetu."

"Nimesha kumupigia directeur wa shule," délégué akasema. "Nimemwambia ishirini kwa sifuri. Amefurahi mpaka amemuita muke wake asikie. Nitamupigia tena nimwambie mabao mbili?"

"Mwambie ukweli."

"Hiyo njo ukweli. Iko na cachet."

Kale kafupi kalikuwa karibu, na jasho inashuka. "Na kile nilifunga mwisho?" kakauliza. Mushauri alianza kusema kintu, akaona ni afadhali asishauri.

Kocha akafika kwangu. Alisimama kati ya minye na ubao. Alisema kwa sauti ya chini, sawa na vile alisemaka wakati tunapiga chokaa.

"Papa, acha ku ubao. Waandike mu fomu vile wanataka. Weye acha tu ile ya ubao, mpaka jioni. Mvua itafuta."

"Muzee, ubao," prezida akaita. "Tunapiga picha."

Kitambaa ilikuwa mu mukono yangu. Ninataka kusema mukono ulikwenda wenyewe, lakini haikuwa vile. Nilifikiri. Nilifikiri kwamba picha itaonyesha nambari moja na fomu nambari ingine, na kwamba siku moja muntu atafungua, ataona haifanane, ataniita. Nikamwambia kocha, "Mwana wangu, sogea kidogo."

Alisogea. Nikafuta arobaini na tatu. Nikafuta arobaini na moja. Niliandika ishirini, na niliandika sifuri, muviringo muzuri.

Aliangalia mpaka nikamaliza. Kisha akachukua sweta yake ku benchi, akaitingisha chokaa, akamugusa kale kafupi ku bega, na akaenda na ile hatua yake ya goti, akapita kwenye mulango. Tulifikiri ameenda kukojoa. Wakapanga batoto kwa picha, wakamuachia nafasi upande wa kushoto, prezida akashika kombe, tukangoja. Mupiga picha akasema jua inashuka. Délégué akasimama mu ile nafasi.

Hakurudi kuchukua hata mufuko wa mipira, ambayo ilikuwa yake mwenyewe. Hakurudi ile siku, hakurudi musimu uliofuata, na frigo yetu ilipoharibika alimutuma muntu mwingine.